Linus Pauling: Mtoto wa mwuza dawa aliyefumbua umbo la protini

Ukipita karibu na kiwanda cha chai cha Litein kule Kericho, au Kapkoros kule Bomet, harufu hukufikia kabla hujaliona lango. Majani yaliyoingia yakiwa kijani hutoka yakiwa meusi, tayari kwa safari ya mnadani Mombasa. Sisi tunaoyatia kwenye sufuria huku mijini huwa hatuulizi: ni nani hasa anayeyageuza rangi?

Jibu ni protini. Ndani ya jani la chai mna kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi. Jani likiwa zima, kimeng'enya hiki hukaa mbali na kemikali ambazo kingeweza kuzibadilisha. Mashine inapolikata na kulisaga, vitu hivyo vinakutana, hewa inaingia, na kazi inaanza: rangi, ukali na ile ladha tunayoijua. Baadaye kikaushio kinapuliza hewa ya moto na mambo yote yanasimama. Anayetaka chai ya kijani hutanguliza joto mapema, kabla kimeng'enya hakijafanya kazi. Mchai ni ule ule, jani ni lile lile. Tofauti ni saa ambayo protini ilikatizwa.

Lakini kwa nini joto likatize protini? Mwaka 1936 Wamarekani wawili walitoa jibu ambalo bado linasimama. Walisema protini ni mnyororo mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo hushikiliwa na vifungo vidogo dhaifu vya hidrojeni. Joto likizidi, vifungo vinaachia, mnyororo unafumuka na kazi inaisha. Mmoja wao alikuwa Alfred Mirsky. Wa pili alikuwa Linus Pauling, na maisha yake ni darasa kwa kijana yeyote anayependa namba, iwe anasoma chuoni Kabianga au anajifundisha programu kwenye simu pale Kayole.

Pauling alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 mjini Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Baba yake, Herman, alikuwa mwuza dawa. Mambo yalikuwa sawa hadi mwaka 1910, baba alipofariki ghafla na kumwacha Linus akiwa na miaka tisa pamoja na dada zake wawili wadogo. Mama yake, Belle, alifungua nyumba ya kulaza wageni ili watoto wapate chakula. Hela zilikuwa za kubahatisha, na Linus alifanya vibarua vya kila aina tangu akiwa mdogo.

Kemia ilimnasa nyumbani kwa rafiki yake, aliyemwonyesha jinsi vitu viwili vikichanganywa vinavyotoa kitu cha tatu. Kuanzia siku hiyo hakushikika. Babu yake alikuwa mlinzi wa usiku karibu na kiwanda cha chuma kilichoachwa, na kijana huyo alikuwa akienda huko kuokota chupa na kemikali za kujengea maabara yake nyumbani.

Shule ya upili aliiacha bila cheti. Alikuwa amebakisha somo la historia ya Marekani, mwalimu mkuu akakataa asisome mihula miwili kwa mpigo, naye akaona asipoteze muda. Alijiunga na chuo cha kilimo cha Oregon mwaka 1917. Cheti kile cha shule alikuja kupewa mwaka 1962, alipokuwa tayari ameshinda Tuzo ya Nobel. Hebu fikiria hilo.

Chuoni pia pesa zilimsumbua. Mama yake alitaka aache masomo afanye kazi, na ikafika mahali chuo chenyewe kikamwajiri kufundisha kemia aliyokuwa ameisoma juzi tu. Katika darasa moja alilofundisha alikutana na msichana aliyeitwa Ava Helen Miller. Walioana mwaka 1923. Kumbuka jina hilo, kwa sababu mwanamke huyu ndiye aliyekuja kumwelekeza mumewe kwenye mambo makubwa kuliko maabara.

Kutoka Oregon alikwenda chuo cha Caltech, California, akapata uzamifu wake mwaka 1925. Huko alijifunza kupiga fuwele eksrei: unarusha miale, inatawanyika, na kutokana na madoa yanayobaki kwenye filamu unapiga hesabu ya umbali kati ya atomu na atomu. Kisha akaenda Ulaya kusoma fizikia mpya ya kwanta. Aliporudi aliziunganisha elimu hizo mbili, na mwaka 1939 akachapisha kitabu kuhusu asili ya vifungo vya kemikali, kitabu kilichobadilisha jinsi kemia inavyofundishwa duniani kote.

Sasa tuje kwenye protini. Zifikirie kama muwa: pingili baada ya pingili. Kila pingili ni asidi amino moja, na aina zake za kawaida ni 20. Wakati huo wanasayansi walijua kuwa pingili zimeungana. Kilichowashinda ni kujua muwa huo umejipinda vipi.

Mwaka 1948 Pauling alikuwa Uingereza, mgeni katika chuo kikuu cha Oxford. Hali ya hewa ya kule ikamwangusha kitandani na mafua. Alisoma riwaya za upelelezi hadi akachoka nazo. Ndipo akachukua karatasi, akachora mnyororo wa asidi amino kwa vipimo halisi alivyovijua, akaanza kuikunja karatasi yenyewe. Alijua jambo moja ambalo washindani wake hawakulizingatia: kiungo kati ya pingili na pingili ni bapa, hakizunguki ovyo. Akakunja, akakunjua, akakunja tena, mpaka vifungo vya hidrojeni vikakaa sawa. Mkononi mwake palikuwa na msokoto kama springi. Ndio huo unaoitwa alfa heliksi.

Katika msokoto huo kila mzunguko una pingili 3.6. Siyo 3, siyo 4. Wengine walikwama kwa sababu walidhani lazima iwe namba kamili. Kila pingili hupanda angstromu 1.5 (milimita moja ina angstromu milioni 10), kwa hiyo mzunguko mzima hupanda angstromu 5.4. Shida ikawa hapo. Picha za eksrei za nywele, zilizopigwa miaka mingi kabla na William Astbury wa Leeds, zilionyesha angstromu 5.1.

Tofauti ya 0.3 inaonekana kama si kitu, lakini Pauling alinyamaza. Alirudi California, akakaa na siri hiyo zaidi ya miaka miwili akiipima na wenzake Robert Corey na Herman Branson. Branson alikuwa mwanafizikia Mmarekani mweusi kutoka Chuo Kikuu cha Howard, na ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta kwa hesabu misokoto yote inayowezekana. Waraka wao ulitoka mwaka 1951 ukiwa na majina matatu, ingawa miaka mingi baadaye Branson alilalamika kuwa mchango wake haukutambuliwa ipasavyo. Mwaka huo huo Pauling na Corey walieleza umbo la pili, ambapo nyuzi za mnyororo hulala sambamba kama mistari ya mkeka. Hilo linaitwa shiti ya beta.

Kule Cambridge, Max Perutz alisoma waraka huo akahisi amepitwa. Lakini alikuwa muungwana wa sayansi. Aliwaza hivi: kama kweli kila pingili hupanda 1.5, basi lazima liwepo doa kwenye filamu linalolingana na kipimo hicho, doa ambalo hakuna aliyewahi kulitafuta. Akachukua unywele wa farasi, akaupiga eksrei kwa pembe tofauti. Doa likatokea. Akajaribu na mwiba wa nungunungu, nao ukajibu vile vile. Ile tofauti ya 5.1 ilikuja kueleweka baadaye: ndani ya nywele, heliksi zenyewe hujisokota zikizungukana kama kamba, na hilo hufupisha kipimo.

Kuanzia hapo, kila pingili ya protini ilipata anwani mbili: namba yake katika mnyororo, na umbo inamokaa. Mwaka 1983 ilitoka programu iitwayo DSSP ambayo hukagua vifungo vya hidrojeni, vile vile alivyovisisitiza Pauling, na kuipa kila pingili herufi. H ni heliksi ya alfa, E ni uzi wa shiti ya beta. Hadi leo mwanafunzi wa bayolojia akichora grafu ya protini, anatumia urithi huo.

Grafu yenyewe si ngumu. Mhimili wa chini unabeba namba za pingili, kuanzia 1 hadi mwisho. Mhimili wa wima unabeba kipimo: mathalan pingili ipi inachukia maji, au ipi inacheza-cheza sana. Ukiishia hapo utapata mstari unaopanda na kushuka kama barabara ya milima, na hutaelewa kitu. Sasa ongeza mkanda mwembamba juu ya grafu, uliopangwa kwa namba zile zile. Penye heliksi chora springi, penye uzi wa beta chora mshale, kwingine acha mstari mtupu.

Papo hapo grafu inaanza kuongea. Ndani ya springi nyingi unaona kipimo cha kuchukia maji kikipanda kila baada ya pingili tatu au nne. Si bahati. Ni ile 3.6 ya karatasi ya Oxford: upande mmoja wa msokoto umegeukia ndani ya protini na kuyakimbia maji, upande wa pili umeyaelekea. Na penye mstari mtupu, kwenye vikunjo na ncha, mara nyingi ndipo pingili zinapocheza zaidi. Namba zilikuwepo tangu mwanzo. Zilikosa umbo tu.

Umuhimu wa jambo hili haupo kwenye chai peke yake. Upo kwenye damu. Mwaka 1945 Pauling alimsikia daktari mmoja, William Castle, akieleza kuhusu ugonjwa wa selimundu: seli nyekundu hupinda kama mundu, hasa oksijeni ikipungua. Pauling akashuku hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Aliwapa vijana wake kazi. Mwaka 1949 yeye pamoja na Harvey Itano, S. J. Singer na Ibert Wells walionyesha kuwa hemoglobini ya wagonjwa hukimbia tofauti kwenye umeme ikilinganishwa na ya watu wengine. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kufuatiliwa hadi kwenye molekuli moja.

Kasoro ilikuwa wapi hasa? Vernon Ingram alilijibu swali hilo huko Cambridge miaka michache baadaye. Mnyororo wa beta wa hemoglobini una pingili 146. Ni ya 6 peke yake iliyobadilika: palipopaswa kuwa na asidi glutamiki, inayopenda maji na kubeba chaji, pamekaa valini inayoyachukia maji. Weka namba hiyo kwenye grafu yenye mkanda, utaona pingili ya 6 iko mwanzoni mwa heliksi ya kwanza kati ya nane, kwenye uso wa nje. Ndiyo maana ni hatari. Inakuwa kama gundi inayonasa kwenye hemoglobini ya jirani, na oksijeni ikipungua zinajipanga kuwa nyuzi ngumu zinazopindisha seli.

Hapo pana mtego kwa anayechora. Hazina nyingi za data huhesabu pia ile pingili ya kwanza kabisa ambayo mwili huikata protini ikishatengenezwa. Kwa hesabu hiyo, kasoro iko namba 7. Ukichukua kipimo kutoka orodha moja na mkanda wa maumbo kutoka orodha nyingine bila kulinganisha, kila kitu kinasogea hatua moja, na grafu yako inadanganya huku ikipendeza macho.

Mwaka ule ule wa 1949, kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikuwa akisomea udaktari Oxford. Alirudi nyumbani na msafara wa chuo uliokuja Mlima Kenya, akakusanya sampuli za damu za jamii mbalimbali. Aligundua kuwa pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye chembe ya selimundu walizidi asilimia 20 katika jamii kadhaa, ilhali nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Miaka mitano baadaye alionyesha sababu: kubeba chembe moja hukinga dhidi ya malaria kali. Kwenye joto la ziwani na pwani malaria ni ya kila siku. Kwenye baridi ya Kericho, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hiyo huja kwa milipuko tu.

Lakini mashamba makubwa ya chai yaliwavuta wafanyakazi kutoka pande za ziwa na magharibi, wakahamia milimani na damu zao. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na kukulia kwenye nyumba za shamba la chai anaweza kuwa na ugonjwa ambao majirani zake wa asili ya huko hawaujui, wakadhani analetewa maumivu na mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Ni pingili ya 6.

Ingekuwa vizuri tuishie kwenye sifa, lakini Pauling aliteleza pia. Mwaka 1953 alikimbilia kutangaza umbo la DNA lenye nyuzi tatu. Umbo lilimpendeza, namba zikakataa. Wiki chache baadaye James Watson na Francis Crick wakatoa lile sahihi la nyuzi mbili. Subira ile ya 5.1 na 5.4 alikuwa ameisahau. Mwaka 1968 alipendekeza jambo baya zaidi: vijana wanaobeba chembe ya selimundu wachorwe alama kwenye kipaji cha uso, ili wawili wenye chembe wasipendane. Nia yake ilikuwa kuwaepusha watoto na mateso, lakini alichokuwa anapendekeza ni kumpiga binadamu chapa kama ng'ombe. Aliijua pingili kuliko mtu yeyote, akamsahau mwenye damu. Uzeeni alisisitiza vitamini C kwa wingi hutibu mafua na hata saratani. Majaribio ya hospitali hayakumuunga mkono kwenye saratani.

Upande mwingine wa maisha yake unang'aa. Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, Ava Helen alimsukuma asikae kimya. Alihutubu dhidi ya majaribio ya nyuklia wakati ambapo kusema hivyo Marekani kulikuwa kutafuta balaa. Mwaka 1952 alinyimwa pasipoti, akakosa mkutano wa London ulioitishwa kujadili protini zake mwenyewe. Mwaka 1954 alipewa Nobel ya Kemia. Mwaka 1958 yeye na mkewe walipeleka Umoja wa Mataifa ombi la kusitisha majaribio ya mabomu, na waliotia saini hatimaye wakawa wanasayansi zaidi ya 11,000.

Mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya angani, majini na anga za juu ulianza kazi tarehe 10 Oktoba 1963. Siku hiyo hiyo ilitangazwa kuwa Nobel ya Amani ya mwaka 1962 ni yake. Aliipokea Oslo tarehe 10 Desemba, siku mbili kabla ya Kenya kupandisha bendera yake. Hadi leo hakuna mwingine aliyepata Nobel mbili bila kugawana na mtu.

Ava Helen alifariki mwaka 1981. Pauling alimfuata tarehe 19 Agosti 1994, akiwa na miaka 93, nyumbani kwake Big Sur, California. Saratani ya tezi dume ndiyo iliyomchukua.

Kazi yake sasa iko wazi kwa kila mwenye bando. Tangu 2021 hazina ya AlphaFold inatoa bure maumbo yaliyokisiwa ya protini, na kila pingili ina alama yake kutoka 0 hadi 100 inayosema kisio hilo ni la kuaminika kiasi gani. Waliotengeneza programu hiyo, Demis Hassabis na John Jumper, walipata Nobel ya Kemia mwaka 2024.

Kwa hivyo ukiwa na laptopu na Python kidogo, unaweza kutafuta kimeng'enya cha mchai, kile kile kinachofanya kazi usiku na mchana Litein na Kapkoros. Chora alama za pingili zake, kisha weka mkanda wa springi na mishale juu. Utaona heliksi nne ambazo katikati yake hushikwa atomu mbili za shaba. Hapo ndipo chai hupata weusi wake, na hapo ndipo kikaushio humaliza kazi. Ila kabla hujamwonyesha mtu grafu hiyo, angalia kwanza kama hesabu yako ya pingili inaanzia mahali pamoja na ya mkanda.